Mkuu wa Chuo cha Wasifu wa Kidunia

Cecil hakuwa mwizi. Tusimvunjie heshima mtu wa watu. Mwizi huvunja mlango. Cecil alibisha hodi, akakaribishwa, akapewa kiti, na mara nyingi alikula kabisa kabla ya kuondoka na alichokifuata.

Mwaka ule soko huria lilikuwa limeingia Masasi kwa miguu yote miwili. Kila kitu kilikuwa cha binafsi: wanunuzi wa korosho binafsi, zahanati binafsi, hata choo cha stendi kilikuwa cha binafsi. Jamaa mmoja akafunga dishi juu ya bati, akaweka kompyuta nne ndani na kuandika mlangoni INTANETI. Vijana wakajipanga. Waliingia kwa kicho kama wanaingia kanisani, wakakitazama kioo mpaka muda ukaisha, wakatoka bila kujua walichofanya.

Cecil alikuwa ng'ambo ya barabara akitafuna muhogo wa kuchoma. Aliwatazama wale vijana, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Watu wanakitaka kitu, hawakijui, na wanaona aibu kuuliza! Mola akupe nini tena?

Wiki haikuisha, amekodi chumba nyuma ya studio ya picha. Alipata kompyuta iliyowaka vizuri sana na haikuunganishwa na kitu chochote duniani isipokuwa umeme na printa. Juu ya mlango akaandika: CHUO CHA WASIFU WA KIDUNIA, MKUU: CECIL.

Mwanafunzi wa kumi na moja alikuwa Bibiana, msichana wa uhazili, mwembamba, mwenye vidole vinavyokimbia kwenye herufi kuliko ulimi wa Cecil. Alikuja akisukuma toroli, na ndani ya toroli mlikuwa na cherehani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hicho nini?"

"Cha mama. Ada sina. Mama yuko Lupaso anamlea mjukuu mchanga, anarudi Jumamosi. Nikipata kazi kabla hajarudi, nitakikomboa. Nisipopata..." Akaligusa gurudumu la cherehani. "Mwalimu, cherehani hiki ndicho kimenisomesha."

Cecil aliguswa. Aliguswa hasa na lile gurudumu linalong'aa, maana alikuwa na mteja Newala. "Kwangu kitakuwa salama," akasema, akakifunika kwa shuka.

Masomo yakaanza. Somo la kwanza: mtu asiye na ukurasa mtandaoni hajazaliwa. La pili: tabasamu la kikazi, midomo imefungwa, maana meno humtisha mwajiri. La tatu: picha, ndani ya koti la studio ambalo kila mwanafunzi alilivaa, mrefu kwa mfupi, hata ukizitazama kurasa zote unadhani ni koti moja linalotafuta kazi. La nne: wadhamini.

"Mwajiri yeyote mwenye akili," Cecil alisema huku amenyoosha kidole juu, "humtafuta mdhamini akamuuliza: huyu mtu unamjua?"

Bibiana aliandika hilo, akalipigia mstari. Siku ya Jumanne Cecil akamchapia ukurasa wake. "Tayari! Hapa ulipo, hata Mzungu anakuona."

Jumatano Bibiana alirudi na karatasi iliyokunjwa, macho yamemtoka. "Mwalimu, nimeletewa barua pepe! Kuna wafadhili Newala wanatafuta mtaalamu mmoja wa kufundisha vijiji vyote. Nyumba bure, pikipiki mpya. Mimi sitoshi. Nikasema, yupo mmoja tu."

Cecil, ambaye barua pepe hakuwahi kuiona hata kwa dawa, aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Pikipiki! Akajiona anateremka mlima wa Newala, tai inapepea begani.

"Ila wanataka ukurasa wako, mwalimu. Wanataka mtu aliyeishi na wanavijiji. Nianze?"

"Andika!" Akavaa koti, akapigwa picha, akafunga midomo. "Mwinjilisti, Lulindi, mwaka mmoja. Mtaalamu wa mikorosho, Chilangala, misimu miwili. Mchapakazi."

"Wadhamini?"

Hapo Cecil alisita kidogo. Lakini mtandao ni wa Ulaya, bwana. Kama kuna mahali mtandao hauwezi kufika, ni Chilangala. Tena majina ya kweli huandikika vizuri kuliko ya kubuni. "Mama Agatha wa Lulindi," akasema. "Na Mzee Muharami wa Chilangala."

"Wafadhili watakuja hapa Jumamosi asubuhi."

Jumamosi Cecil alinyoa mara mbili. Hodi ilipopigwa akatengeneza tabasamu la kikazi, akafungua.

Mlangoni alisimama Mama Agatha, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa la Lulindi, na nyuma yake Mzee Muharami, na nyuma yao lori zima la watu. Kila mmoja ameshika karatasi yenye picha ya Cecil ndani ya koti.

Adabu haimtupi mtu. "Shikamooni," Cecil akasema kwa sauti ya kifaranga.

"Marahaba, Mwinjilisti Walter," akajibu Mama Agatha. "Tulikuchangia ulete kinanda. Mwaka wa tatu huu tunaimba kwa makofi."

"Walter nani? Huyu ni Bwana Shamba Rajabu!" Mzee Muharami akadakia. "Alituuzia salfa ya mikorosho. Kumbe unga wa muhogo na binzari! Msimu mzima shamba langu lilinuka pilau, korosho sikuona hata ya kuonja."

Cecil akamgeukia Bibiana. "Wewe umenifanyia hivi?"

"Somo la nne, mwalimu. Niliwapelekea wadhamini ukurasa wako nikauliza: huyu mtu mnamjua?" Sauti yake ikatetemeka, kwa hasira na kwa kicheko pamoja. "Jumanne nilikwenda kule penye dishi. Nilijitafuta mtandaoni dunia nzima, sikujiona. Ila wewe upo. Nimekuweka kwa mkono wangu."

"Mnipeleke polisi basi," Cecil akanong'ona.

"Polisi ya nini?" Mzee Muharami alishangaa kweli. "Hapa pameandikwa mtaalamu wa mikorosho, mchapakazi. Tumekuja kukuajiri."

Kompyuta ilikwenda Lulindi badala ya kinanda. Haiimbi, lakini inawaka. Cherehani kilirudi nyumbani kwa toroli, na mama aliposhuka kutoka Lupaso jioni alikikuta mahali pake, akalalamika tu kwamba kuna mtu amekifuta vumbi.

Cecil yuko Chilangala. Kila alfajiri, umande ukiwa bado majanini, hubebeshwa pampu mgongoni akapulizia salfa ya kweli, mti hadi mti, Mzee Muharami akimfuata na ile karatasi mkononi. "Misimu miwili, umeandika mwenyewe. Bado mmoja na nusu."

Mwezi uliopita Bibiana alipanda hadi Chilangala na kamera aliyoiazima studio, kuusahihisha ukurasa. Alimkuta mkuu wake wa chuo amekuwa wa manjano kwa salfa toka nywele hadi kucha.

"Midomo, mwalimu," akamkumbusha.

Cecil akaifunga. Katika wanafunzi wote wa Chuo cha Wasifu wa Kidunia, ndiye peke yake aliyepata kazi.