Mgomo wa Fagio Kumi na Mbili

Jumatatu, 15 Machi 1948
Nimepata! Mimi, Erastus Nguma, katibu wa Chama cha Wafagiaji wa soko la Likoni, nimepata dawa ya Bwana Afya, mkaguzi wa serikali anayetusimamia. Miezi minane tunamwomba viatu, miba ya samaki ikituchoma nyayo. Mwenyekiti wetu, mzee Faki, ataka tumwendee tena kwa adabu. Adabu! Nimewaambia wenzangu tugome. Fagio zote kumi na mbili nimezificha uvunguni mwa kitanda changu. Soko likinuka siku mbili, Bwana Afya atanivisha viatu kwa mikono yake. Na uchaguzi wa chama ukija, kwaheri Faki.

Jumanne, 16 Machi
Nimefika sokoni nimeziba pua. Hakuna uvundo! Bi Kuluthum wa mahamri alikuja alfajiri na ufagio wake. Kasema riziki haiingii penye taka, na wallahi hakaangi hata andazi moja juu ya magamba ya samaki. Wenzake wote wakajifunga leso viunoni. Soko linameta. Nani angelifikiria hili? Faki anasema yeye alilifikiria. Kalisema mbele za watu.

Jumatano, 17 Machi
Balaa! Akina mama walikwenda kwangu kuazima fagio, na mke wangu Mapenzi akawapa zote. Nilipofoka aliniuliza tangu lini jirani akanyimwa ufagio. Tena amechoka kulala juu ya shombo.

Saa nne akaja Bwana Afya. Alisifu usafi. Kisha akauliza, polepole, sisi kumi na mbili tunalipwa kwa kazi gani. Asipopata jibu Ijumaa, tunafutwa sote. Wenzangu wote walinigeukia. Niliogopa. Wana watoto, hawa.

Ijumaa, 19 Machi
Jana Faki alikwenda kwa Bi Kuluthum, akanywa chai, akamsihi wasifagie siku moja tu. Leo akina mama wameketi, mikono mapajani. Bwana Afya alipouliza kulikoni, Bi Kuluthum alimjibu kwamba walifagia kwa kutafuta baraka zao, si kwa ajili ya serikali. Akitaka waendelee, alete mshahara na viatu. Kufikia saa sita, nzi walikuwa wengi kuliko wateja. Bwana Afya akatia sahihi: jozi kumi na mbili za viatu, na hafutwi mtu.

Faki alibebwa mabegani. Nilishika mguu mmoja, watu wasije wakasema.

Jumatano, 31 Machi
Chama kimenivua ukatibu. Bwana Afya naye kanihamishia Bofu, nikauze maji kwenye bomba la baraza la mji. Sina kinyongo. Kasoro ya mgomo ule ilikuwa Bi Kuluthum, si akili yangu.

Hapa wauza maji tuko sita, hatuna hata kibanda cha kujisitiri. Chama pia wenzangu hawa hawakuwa nacho. Sasa wanacho, na mimi ndiye katibu. Tunagoma mpaka tujengewe kibanda! Wote wameafiki ila Nzai, mwenye roho ndogo, anayetaka tungoje kiangazi. Nimemwambia hatuwezi kungoja: masika yameanza, mapipa ya watu yanafurika vibarazani, na sisi tunalowa. Kesho asubuhi tunafunga bomba. Tuone Bofu nzima itakunywa nini.