Uzinduzi Mkubwa wa Sadaka ya Siri

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, ambaye kwa bahati njema ni shemeji yangu. Mheshimiwa Katibu wa Kamati hiyohiyo, ambaye kwa bahati njema zaidi ni mke wa shemeji yangu. Imamu wetu mpendwa, uliyeombwa dua fupi na ukaifanya fupi kweli mpaka ikaisha nikiwa bado navaa koti. Mwalimu mkuu, mwenye ukumbi huu na viti hivi vya plastiki. Wajane, mayatima, mafukara, masikini na wadau wengine wote wa maendeleo. Wanahabari, yaani huyo mpiga picha wa harusi aliyekubali kuja. Mabibi na mabwana: Assalaamu alaykum! (Wanaitikia. Kipaza sauti kinapiga mluzi.)

Hata kipaza sauti kimeitikia. Ndugu zangu, leo ni siku ya kihistoria, siku ambayo historia yenyewe ikija kuandikwa itaomba kalamu kwangu, kwa maana leo hii, kwa matarumbeta, mabango kumi na mawili na fulana mia tatu zenye picha yangu kifuani na mgongoni, tunazindua rasmi Mpango Mkakati wa Sadaka ya Siri! (Kicheko kirefu.)

Mnacheka kwa furaha, nawaelewa. Mimi mwenyewe nilicheka nilipoliwaza jambo hili kwenye semina, maana tulifundishwa kule kwamba zaka ni kutakasa mali na nafsi ya mtoaji, ni haki ya masikini iliyomo ndani ya mali ya tajiri wala si hisani, na sadaka iliyo bora mtu huitoa kwa mkono wa kulia hata wa kushoto usijue. Hapo nikasimama, nikasema, je, wataalamu, maneno haya yamewahi kufanyiwa upembuzi yakinifu? Ukumbi mzima ukaacha kula, hata mpishi alisimama na sinia. Niliporudi nikaunda mara moja Idara ya Mkono wa Kulia, iliyoko ghorofani penye kiyoyozi, na Idara ya Mkono wa Kushoto, iliyoko chini karibu na stoo, na kati yao nikajenga ukuta. (Sauti: "Wa nini?") Wa siri, mzee wangu! Kulia wanaandika barua, Kushoto wana mhuri, na kwa mujibu wa mwongozo Kushoto hawaruhusiwi kujua Kulia wameandika nini, kwa hiyo barua zote zimerudishwa bila kufunguliwa, na leo natamka kwa kujivunia kwamba usiri wetu umefikia asilimia mia moja na nne, kiasi kwamba waliopewa sadaka wenyewe hawajui kama wamepewa! (Kicheko. Mtu anaanguka na kiti. Mama mmoja mbele ananyoosha mkono.)

Mama Pindo, nimekuona. Ndugu zangu, huyu ni mshonaji wetu, jina hilo amepewa kwa kuwa hakuna pindo mtaani ambalo hajalishona, na ana hamu kubwa ya kitu hiki kilichofunikwa kitambaa cha kijani hapa kuliani kwangu. (Mama Pindo: "Mheshimiwa, shule zinafunguliwa Jumatatu. Leo Alhamisi!") Najua siku, mama yangu, kalenda ninayo, nayo ina picha yangu. Haraka haraka haina baraka. Kitambaa kitafunuliwa kwa mujibu wa ratiba, baada ya hotuba, ambayo sasa tunaingia kwenye utangulizi wake.

Dini imetaja mafungu manane ya watu wanaostahili zaka, na ofisi yangu imefanya utafiti wa kina ikagundua kwamba mimi nimo katika matatu. (Kicheko.) Tulieni! La kwanza, wanaoitumikia zaka. Nani anaitumikia kuliko mimi, ninayelala nayo na kuamka nayo? La pili, msafiri aliyekwama njiani, na mashahidi wapo kwamba nilisafiri semina saba mwaka huu, na ya nne nikakwama hotelini siku tisa kwa sababu ya bwawa la kuogelea. La tatu, wale wanaotiwa nguvu nyoyo zao, na moyo wangu, wapendwa, bila fulana na makofi hulegea kabisa. (Imamu anajifunika uso kwa kanzu, mabega yanatikisika.) Tazameni, imamu analia. Maneno yamemgusa.

Sasa niseme jambo zito. Ipo hujuma katika mtaa huu. Kuna mtu, simjui lakini nitamjua, ambaye kila shule zikikaribia kufunguliwa huacha sare mpya kwenye milango ya wajane alfajiri, zimekunjwa, zimepigwa pasi, mfuko umeshonwa mara mbili ili usitoboke kwa penseli, bila nembo, bila lebo, bila fomu, bila picha ya kiongozi! (Vicheko vinakatika. Watu wanatazama sakafu. Mama Pindo anatafuta kitu kwenye mkoba wake.) Nimewahoji wajane kumi na mmoja. Wote wamesema, "Hatujui." Mtoto mmoja nikamuuliza, nani kakupima mabega mpaka shati likakaa hivi? Akasema, "Nilijipima mwenyewe." Huu ni uongo wa kupangwa, lakini nina habari njema: kwa juhudi za ofisi yangu hujuma hii imekoma. Wiki tatu sasa hakuna sare hata moja iliyoonekana mlangoni kwa mtu! Makofi! (Hakuna makofi. Mama Pindo, akiwa amesimama: "Baba, nina watoto kumi na tisa sijawakatia hata kola. Nakuomba, nipe nikashone.") Kaa, mama, kaa, usitangulize mkokoteni mbele ya punda.

Na sasa, kwa kuwa feni imezimika na wageni wa heshima wanatoka jasho, nitaruka kurasa kumi na nne za mafanikio niende moja kwa moja kwenye kaulimbiu. Nikisema "Sadaka ya siri," semeni "Ipigwe picha!" Sadaka ya siri! (Mpiga picha peke yake: "Ipigwe picha!") Mkono wa kulia! (Watu wanatazamana.) Juu! Mkono wa kushoto! (Sauti: "Uko mfukoni!") Ahsante, huyo ameelewa.

Namalizia kwa shukrani, maana muungwana hushukuru. Namshukuru mwalimu mkuu kwa ukumbi. Namshukuru mke wa shemeji yangu kwa kitambaa cha kijani, ambacho ni pazia la sebuleni kwake na kitarudi leoleo. Nawashukuru Kulia kwa andiko zuri lenye cherehani mia nne kwenye ukurasa wa tisa, na Kushoto kwa kutolifungua. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Pindo, aliyetuazima cherehani yake ya kukanyaga kwa siku moja, siku ikawa wiki tatu kwa sababu fulana zilichelewa na uzinduzi ukaahirishwa, maana bila yeye leo tusingekuwa na kitu chochote cha kufunika. (Ukumbi mzima unasimama.)

Kaeni, jamani, kaeni, bado sijakata utepe! Mama, usivute pazia! Nyie vijana wa gereji, mnaibeba kwenda wapi? Mzee, na wewe unabeba miguu ya cherehani na mgongo wako huo? Imamu, hata wewe? Hiyo ni mali ya mradi! (Imamu, akiwa ameshika gurudumu: "Mradi upi, mheshimiwa?") Swali zuri, litajibiwa kwa maandishi. Mpiga picha, piga! Piga hata migongo!

Mama Pindo, subiri, jibu moja tu la ripoti. Unakwenda wapi na haraka hiyo? (Mama Pindo, mlangoni: "Kushona, baba. Siku tatu tu zimebaki.") Kumshonea nani? (Mama Pindo anainamisha kichwa. Ukumbi mzima, wajane mbele, watoto nyuma, kwa sauti moja: "Hatujui!")

Hamjui? Wote? Hata wewe, mke wa shemeji? ("Hata mimi!") Basi, katibu, andika, andika upesi kabla hawajatoka: siri imetunzwa, wanufaika hawajulikani, mradi umefanikiwa. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Anayebaki wa mwisho tafadhali aniletee maji.