Ukungu wa Iringa Kwenye Simu ya Vishal

Jumatatu, 14 Julai
Vishal kaniuliza kama naogopa ndege. Nikamwambia nimezaa watoto saba, watatu bila mkunga. Akacheka. Huyu nimemlea mimi, jikoni kwa mama yake, Kumud, tangu hajaota jino. Sasa ana duka la spea hapa Uyole, ninapowapikia chai, na nusu ya ndege ya viti vinne. Nusu nyingine ni ya rafiki yake, Abbas. Jumamosi wanapeleka spea Iringa. Kiti kimoja kiko wazi.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Happy, mjukuu wangu aliyeolewa Kalenga, karibu na Iringa mjini, kajifungua binti. Ubatizo ni Jumapili, ila jina linaandikwa kwa katekista Jumamosi saa tisa mchana, bibi wa pande zote wakiwepo. Asiyekuwepo kakubali lolote. Sheria hiyo kaitunga Benedicta, mama mkwe wa Happy, anayejua mgongo wangu haupendi basi. Anataka mtoto aitwe Benedicta. Mtoto ataitwa Sekela, kama mimi.

Nimempigia Benedicta kumwarifu kuwa nitashuka kutoka juu. Raha iliyoje!

Jumatano, 16 Julai
Vishal na Abbas wamebishana tena kwenye chai ya saa nne. Vishal anasema rubani mwenye kindege chake hahitaji zaidi ya app. Ramani imo, hali ya hewa imo, na mtandao ukikata huko porini bado anaona njia. Abbas anasema app ni kabati, inakupa ulichokiweka. Tovuti ni dirisha, unaona kilichopo saa hii. Vishal akasema dirisha gani hilo, mtandao ukikata linageuka ukuta.

Nikauliza, mtandao ukikata, app inaonyesha mawingu ya lini?

"Ya mara ya mwisho ilipopata mtandao, Bibi."

Nimeosha vikombe mara mbili nikiwaza. Maana Vishal haruki app ikisema kubaya. Wiki iliyopita kaahirisha safari mbili. Na mimi Jumamosi sina pa kuahirishia.

Nikauliza pia kama nitaliona bati la nyumba yangu. Abbas akasema bati na kuku wote. Sikujua kama mtu anaweza kuona kuku wake kwa juu. Wanafananaje?

Alhamisi, 17 Julai
Kwa Clement, fundi simu. Maparachichi matano. Nimetaka kujua jinsi ya kuinyima app moja mtandao, mengine yote kwenye simu yabaki yanafanya kazi. Akauliza app gani na simu ya nani. Nikamwambia mtu mzima hahojiwi hivyo. Kanionyesha mara tatu. Herufi nilizisoma ukubwani, darasa la ngumbaru, lakini vile vialama vya simu hatukufundishwa. Nimevichora kiganjani.

Ijumaa, 18 Julai
Anga jeupe! Mlima Mbeya unaonekana hadi mikunjo. Vishal alikuwa nje anapakua mzigo, simu yake inachaji kaunta. Namba ya kufungulia ni mwaka wake wa kuzaliwa. Mimi nilikuwepo.

Nikafungua app. Nikasubiri ile duara iache kuzunguka. Imeshiba hewa nzuri. Nikaikatia mtandao. Sasa anga la leo limefungiwa ndani mpaka nitakapotaka.

Nilijiuliza, na kesho kukiwa na mawingu kweli? Nikajijibu kuwa Vishal ana macho.

Jumamosi, 19 Julai
Saa moja asubuhi tuko uwanjani Songwe. Kitenge kipya, kapu la ndizi. Juu hakuna hata kiwingu cha kusingizia. Vishal akafungua app, uso ukambadilika. Iringa wingu limelala hadi chini, haturuki. Nikamwambia atazame juu.

"Bibi, macho yangu yanaishia kwenye ule mlima. Iringa siioni."

Ndipo nikaelewa. Jana hapa kwetu kulikuwa kweupe. Iringa kulikuwa na ukungu, na mimi nimeuhifadhi!

Nilifungua mdomo niseme. Badala yake nikashauri tumpigie mtu wa Kalenga. Vishal akampigia Amos, mume wa Happy. Simu ikapokelewa na Benedicta. Akasema ukungu ni mzito, ukisimama mlangoni ng'ombe huwaoni. Happy kaniambia baadaye kuwa jua lilikuwa linachoma.

Vishal kanitafutia teksi ya kunirudisha stendi, yeye akabaki kumngoja Abbas. Basi la saa tatu. Tunafika Chimala, Vishal anapiga. Abbas kafika, kafungua tovuti kwenye simu yake, Iringa kweupe pe.

"Uko wapi, Bibi? Tunaruka."

Niko Chimala, mwanangu, kati ya gunia la vitunguu na mwanamume anayekoroma. Hazikupita dakika nyingi, ndege ikapita juu yetu, ndogo, nyeupe. Basi zima likachungulia. Nikamwamsha jirani yangu, nikamwambia kiti changu kimo mle. Akanitazama. Akasogea.

Kalenga saa kumi na moja. Jina limeshaandikwa kwa wino. Benedicta.

Jumapili, 20 Julai
Mtoto kamwagiwa maji hakulia. Alikuwa ananitazama mimi. Benedicta akaniinamia.

"Pole na safari, mkwe wangu. Nilijua unatokea juu."

Nikamuuliza kama ng'ombe wake leo anawaona. Akageukia wimbo, akauimba wote. Kisha akaniwekea mtoto mapajani, akafunika miguu yake kwa kanga yake mwenyewe. Mtoto ana masikio yangu. Hilo halikuandikwa na katekista.

Happy kasema ningempigia tu simu, angemwomba katekista asubiri. Sikulifikiria hilo.

Jumanne, 22 Julai
Nimerudi Uyole, kwa basi. Vishal kagundua app yake ilikuwa haipati mtandao. Anailaumu app, anailaumu simu, sasa anatumia tovuti. Abbas anatembea dukani kama bwana harusi. App ya watu imesingiziwa, na shahidi ni mimi peke yangu. Nimeionea huruma.

Mchana Happy kapiga. Daftari lina nafasi ya jina la pili. Katekista ataandika Sekela Jumamosi hii, mradi nisimame mbele yake. Benedicta kakubali, tena kasema atanipikia mwenyewe.

Basi la Ijumaa lipo, na mgongo umeshalizoea. Lakini Jumamosi Vishal anaruka tena, na Benedicta nimeshamwambia atazame juu.

Nimemwomba Abbas anifundishe tovuti. Kafurahi sana, kasema hajawahi kumwona bibi mwenye hamu ya kujua kama mimi. Nimemuuliza inazimiwa wapi.