Kivuli cha Mama Mkwe

Jumatano, 6 Machi
Mama mkwe anakuja Jumapili. Atachagua: akae kwetu, au kwa mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu, mwenye baraza pana na maringo mapana zaidi. Mama hapendi kushinda ndani. Nilimwahidi kivuli cha mti uani. Mti sina. Lakini lazima akae kwetu. Ukoo mzima uliponikataa, yeye peke yake alisema nipewe mke. Sijalisahau hilo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechimba. Shibiri moja tu, jembe likagonga mwamba. Nikahamia upande wa pili. Mwamba! Mke wangu anashauri miche midogo, mizizi ijitafutie nyufa. Midogo? Mama akae chini ya mche kama sisimizi? Fundi seremala alikuwa na mti wa kukata, mrefu kunishinda. Kaniachia niung'oe na mizizi yake. Mungu ambariki.

Ijumaa, 8 Machi
Mizizi ilikuwa mirefu kuliko udongo. Nikaikata. Mti nimeufunga kwa kamba ya kuanikia nguo, umesimama kama askari wa gwaride. Nikamwita mwanyumba aje aone. Akauliza kama upepo nao nimeualika. Wivu tu.

Jumamosi, 9 Machi
Upepo umekuja. Mti chini, kamba chini, mashuka kwenye tope. Mke wangu hasemi na mimi, anasema na masufuria. Jioni mwanyumba katokea na toroli la udongo na miche mitatu. Tukapiga magoti, tukatafuta ufa, tukapanda hapo, tukazungushia mawe ili mvua isizoe udongo. Hakunicheka hata kidogo. Nimemshukuru kwa moyo wote. Nadhani ana lake jambo.

Jumapili, 10 Machi
Mama amefika. Ameitazama miche, haimfikii hata magotini. Akaomba kiti, akafungua mwavuli, akaketi kando yake. Amesema miche inataka mtu wa kuiangalia, basi atakaa kwetu mpaka itoe kivuli. Mwanyumba ndiye aliyeingiza mizigo ya Mama ndani. Nimekwenda jikoni nikalia. Mke wangu kanipa kitambaa cha vyombo.

Jumatatu, 11 Machi
Mama yuko uani, anainywesha miche kwa kikombe. Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, hata mwanyumba. Lakini mama yangu huyu akae miaka yote hiyo chini ya mwavuli? Haiwezekani. Nimeongea na fundi seremala. Ana mti mwingine, mrefu kuliko ule. Safari hii nafunga kamba mbili.