Mpango wa Kutofika Kileleni

Jumatatu, 2 Septemba

Leo nimepata habari njema kuliko zote maishani mwangu. Muda mfupi baadaye nikapata ya kutisha kuliko zote. Zote mbili zilitoka kinywani mwa Mwalimu wa Fizikia.

Njema: Klabu ya Anga imeruhusiwa kwenda kwenye kile kituo cha darubini kubwa, kule kileleni. Mwezi huu Zohali inaonekana vizuri. Tutaiona, na pete zake! Nilianza kusoma habari za Zohali kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nilitaka kulia.

Ya kutisha: Mwalimu akabandika ukutani picha ya barabara.

Ile si barabara. Ni mkwaruzo. Mlima umekwaruzwa ubavuni kwa ukucha, na upande wa pili wa mkwaruzo hakuna kitu. Hewa tu.

Mimi naogopa kuwa juu ya kitu chochote. Kwenye ujia wa ghorofa ya pili hupita nikiupapasa ukuta. Wenzangu hudhani natafakari, wakaniita Profesa. Hakuna anayejua ukweli, na hakuna atakayejua. Afadhali nife. Hapana, si afadhali nife. Hapo ndipo penye tatizo.

Mwalimu akauliza nani atapanga safari. Turbo akanyoosha mkono. Turbo ndiye kelele ya darasa letu. Hata akienda msalani huenda kwa gia, na kwenye kona hupiga honi. Nikawaza: akipanga huyu, tutafika. Nikipanga mimi, safari inaweza kufa kifo cha kawaida, bila mtu kulaumiwa. Zohali haiendi popote. Nitaiona siku nyingine, kutoka mahali pa chini.

Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nimeteuliwa.

Jumatano, 4 Septemba

Mpango wa kwanza ulikuwa safi. Basi la shule haliwezi kupanda ule mlima. Hata mwinuko wa getini hulazimu wanafunzi washuke. Nikamwendea Mwalimu kwa uso wa msiba, nikamwambia hatuna gari. Akasikitika. Nikasikitika naye. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Kosa: nilimweleza Mama. Mama akampigia kaka yake, yaani Mjomba, fundi magari. Alifika chai haijapoa.

Mjomba ana gari refu la magurudumu makubwa, la kupita porini. Analiita Bi Mkubwa, na ukilitaja bila heshima ananuna. Akanishika bega, akaniambia mpwa wake nimemkosea sana kutafuta gari huko nje ilhali damu yangu inalo. Rafiki yake wa gereji ataleta la pili. Bi Mkubwa, alisema, ameshapanda mahali ambapo mbuzi walitazamana wakarudi.

Nikauliza kuhusu breki. Akasema breki zipo, ila yeye si mtu wa kuzitegemea sana.

Akacheka. Mama akacheka. Nikaomba ruhusa nikalale.

Ijumaa, 6 Septemba

Mpango wa pili. Huu hauwezi kushindwa, kwa sababu unategemea wazazi, na wazazi ni watu waoga.

Kesho kuna mkutano wao. Nimeandaa ripoti ya usalama. Maktaba ina kitabu cha udereva wa njia mbovu, na nimekichuma chote: maporomoko, ukungu, tairi kupasuka, breki kupata moto, kichwa kuuma kwa hewa nyembamba, magari kuteleza kinyumenyume. Nimeweka na kanuni moja ambayo ilinitoa jasho kuiandika tu. Kwenye kona mbaya abiria wote washuke. Kisha mtu mmoja asimame mbele ya gari, alitazame, arudi nyumanyuma huku akimwonyesha dereva kwa mikono mahali pa kuweka magurudumu.

Nani atasikia hayo aseme mwanangu nenda? Mama haniruhusu hata kupanda kwenye stuli kubadili balbu.

Jumamosi, 7 Septemba

Siamini. Siamini kabisa.

Nilisoma ripoti nzima kwa sauti ya kutetemeka. Sikuigiza. Nilipomaliza wakatazamana. Nikajua, imekwisha, tumepona.

Baba yake Turbo akasimama. Akasema ameshalea watoto wengi, na hajapata kuona kijana aliyefikiria kila kitu namna hii. Akasema alikuja kukataa, sasa anakubali. Wazazi wengine wakafuata kama mchele unaomwagika. Mama alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akimwambia jirani yake kwamba kumbe siku zote amekuwa akimlinda mtu mzima.

Kisha Turbo akauliza, kwa upole usio wake, nani atakuwa yule wa kusimama mbele ya gari.

Mwalimu akasema ni nani mwingine isipokuwa aliyeandika.

Wakapiga makofi! Makofi!

Jumatatu, 9 Septemba

Mazoezi uani kwenye gereji ya Mjomba. Nilisimama mbele ya Bi Mkubwa, ambaye kwa mbele anafanana na mtu aliyeamshwa vibaya. Nikaonyesha kushoto. Mjomba akakata kulia, akapanda rundo la matairi chakavu, akang'ang'ania pale juu kama kuku aliyekosa mti.

Akaniuliza kwa nini nimempeleka huko. Nikamwambia nilionyesha kushoto. Akasema ndiyo, kushoto kwangu. Lakini tunatazamana, kushoto kwangu ni kulia kwake. Kitabu hakikusema! Au kilisema, nikaruka ukurasa.

Turbo alicheka hadi akakaa chini. Aliniuliza Profesa, na mbinguni ni upande gani, maana huko ndiko unakotupeleka.

Mjomba akaniambia nisahau kushoto na kulia. Nielekeze mkono mahali gurudumu linapotakiwa kwenda, basi. Tulirudia mpaka jua likazama. Matairi yaliyobaki wima ni machache.

Alhamisi, 12 Septemba

Mpango wa tatu. Nimekwenda kwao Turbo kumpa heshima yangu. Nilimwambia nimefikiri sana, nikaona kazi ya kuongoza gari inamfaa yeye. Sauti anayo. Mikono anayo. Aichukue tu, sitakasirika.

Alikuwa anaosha viatu. Akasema hawezi. Anaogopa magenge ya mlimani.

Nikadhani sijasikia. Akarudia. Akasema hata kutazama bonde hawezi, na ameshamwambia Mwalimu. Mwalimu amempa kiti cha katikati, na kwenye kona mbaya atafungwa kitambaa machoni, aongozwe kwa mkono. Alisema hivyo kama mtu anayeomba chumvi. Kisha akaendelea kusugua kiatu.

Nimemhurumia mno. Maskini, sasa kila mtu atajua! Nikamshika bega kama Mjomba anavyofanya, nikamwambia asijali, nitakuwa karibu naye njia nzima. Akanishukuru sana. Akasema angetamani kuwa na moyo kama wangu.

Nikarudi nyumbani nikiwa nimeshika kuta za watu.

Jumamosi, 14 Septemba

Ninaandika kwenye bweni la wageni la kituo. Ndiyo, tumefika.

Mpaka chini ya mlima nilikuwa hai. Kisha lami ikaisha. Bi Mkubwa akaanza kupanda na nikaacha kutazama nje. Nilitazama kisogo cha Mjomba, nikakihesabu kama rafiki. Mjomba alikuwa anaimba.

Madereva wa njia ile wana kona wanayoiita Kona ya Toba. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Ukiiona huhitaji kuelezwa. Njia inapinda ghafla, imeinamia nje, na mawe yake yamelegea kama meno ya mtoto. Mjomba akaacha kuimba.

Wakashuka wote. Turbo akafungwa kitambaa, Mwalimu akamshika mkono, wakavuka salama wakiongea habari za mpira. Kisha wote wakanigeukia.

Nikaenda mbele ya gari. Nikaligeukia. Nyuma yangu njia, ubavuni mwangu hewa. Nikanyoosha mikono ielekeze magurudumu, na mikono ikaanza kutetemeka. Si kidogo. Ilitetemeka kama ya mtu anayekung'uta maji. Mjomba akaelewa kwamba namwambia polepole, polepole zaidi. Akaja mwendo wa konokono. Nikarudi hatua. Akaja. Nikataka kumwambia kwamba sikumaanisha kitu chochote, lakini taya lilikuwa limejifunga.

Ndipo nikaona jiwe chini ya gurudumu la nje likisogea. Lilisogea, likazama, na udongo ukaanza kumiminika bondeni bila kelele.

Nilitakiwa kupaza sauti. Kanuni niliiandika mwenyewe. Badala yake magoti yaliisha. Nilikaa chini, pu, katikati ya njia.

Mjomba akakanyaga breki. Zilishika! Akashuka, akaja kutazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona bila mzaha usoni. Ukingo ulikuwa umemeguka hadi nusu ya tairi. Akarudi nyuma taratibu, akapita kwa ndani akiukwaruza ukuta wa mlima, gari la pili likamfuata.

Kisha wakanirukia. Mjomba aliniinua juu, jambo ambalo halikunisaidia. Akawaambia wote kwamba dereva akimwona mwelekezaji amekaa chini, hana la kuuliza, anasimama. Na kwamba mwingine angepiga kelele, yeye angeshtuka na kukosea. Mwalimu akasema hajapata kuona utulivu kama ule. Sikujibu kwa sababu taya lilikuwa bado. Wakasema, tazama na unyenyekevu wake.

Jioni ikaingia, kuba la paa likafunguka, na darubini ile ikaelekezwa. Kubwa kuliko ndoto yangu! Ila mahali pa kuchungulia ni juu. Unapanda ngazi ya chuma yenye vipandio vyembamba, na kati ya kipandio na kipandio unaona sakafu.

Wenzangu wakapanda mmoja mmoja. Kila mmoja alitoa sauti kule juu. Zamu ilipomfikia Turbo akamwambia mtunza darubini kwamba ngazi ile haiwezi, anaogopa. Mtunza darubini akasema hakuna shida, wapo wengi wa namna hiyo. Nje kuna darubini ndogo, unachungulia umesimama ardhini, na Zohali ni ileile. Wakatoka. Turbo alirudi uso unang'aa kama bati jipya. Alinishika mkono, hakuwa na kelele hata moja. Alisema tu, Profesa, ina pete kweli.

Ikawa zamu yangu. Mwalimu akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naogopa. Mtunza darubini alikuwa ameshaushika mlango wa kutokea kwenye ile darubini ndogo.

Nilisema hapana. Nilisema nimeshaiona sana vitabuni, muda wangu wapewe wenzangu.

Walinipigia makofi tena. Baadaye mawingu yakafunika, kuba likafungwa.

Jumatatu, 16 Septemba

Tulishuka salama. Nilitembea sehemu kubwa ya njia, wakasema ninakagua.

Mchana Turbo alikuja kukaa nami. Alisema aliniangalia pale kwenye ngazi, na kwamba kama ni woga, niseme tu, mbona yeye alisema na hakufa. Nikamshukuru kwa heshima. Kijana mzuri, ila hana siri. Maisha yatamsumbua.

Kisha Mwalimu akaniita. Ijumaa shule nzima itakusanyika ukumbini, na Mkuu anataka mwanafunzi mmoja apande jukwaani, azungumze juu ya mada ya Kuushinda Woga. Wamekubaliana wote kwamba ni mimi. Shule nzima! Jukwaani! Akauliza kama nitaweza, akaongeza kwamba nikiona vigumu nimwambie bila wasiwasi, atatafutwa mwingine.

Nikasema nitafurahi sana.

Kufikia Ijumaa sauti yangu itakuwa imepotea kabisa. Nimeanza kukohoa leo, ili isionekane ghafla.