Jinsi Luhende Alivyoingiza Baridi Katika Boti ya Ma Kokugonza

Jongeeni, enyi wa Pasiansi mnaokaa kando ya maji, nanyi wa Magu mliokuja mjini kuuza mpunga, nanyi wa Usagara mnaosubiri gari ambalo kondakta aliapa kuwa linaondoka sasa hivi. Tieni simu mifukoni, zimeni majenereta, mwenye mtoto na ambembeleze, kwa maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Nitasimulia uovu wa waya mwembamba na ushujaa wa waya mnene. Nitasimulia jinsi Luhende mwana wa Masalu, mjaza gesi, mfufua kompresa, mtu ambaye mafriji ya Pasiansi nzima yalitetemeka yakisikia kikohozi chake mlangoni, alivyoshuka ziwani akapigana na sanduku jeupe lisilofika hata kiunoni mwake. Nawe nguvu upitaye ndani ya shaba bila kuonekana, tushike mkono tufike mwisho wa habari bila kukatika.

Boti iliitwa Sitaki Maneno. Mwenyewe alikuwa Ma Kokugonza, mjane wa Kihaya, malkia wa usukani, ambaye kwa miaka kumi na minane alivusha watu, magodoro na mbuzi kwenda visiwani na kurudi, na ambaye mawimbi yenyewe, wasema mabaharia wake, yalimpisha kwanza. Mwaka huu daktari alimwona na sukari. Akampa dawa ya kuchoma sindano, akamwonya kwamba dawa hiyo lazima ikae penye ubaridi, isipigwe jua wala isigande. Safari ya visiwani ni siku tatu. Hapo binti yake Modesta, mwalimu wa hesabu na mke wa Luhende, akatoa hukumu: ama boti ipate friji la kuaminika, ama boti iuzwe na mama aje kukaa sebuleni Pasiansi aangalie tamthilia. Ma Kokugonza hakulia alipoyasikia hayo, lakini usiku ule hakula.

Luhende akajitokeza. Kifua mbele, bisibisi kiunoni, akanena: "Mke wangu, mimi niliyeyainua mafriji ya mabucha matatu na ya baa ambazo sitazitaja kwa heshima ya nyumba hii, nitashindwaje na kifriji cha betri? Nipe asubuhi moja tu."

Sasa lazima ukweli usemwe, maana historia isiyotaja kushindwa ni tangazo la biashara. Luhende alikuwa fundi wa mafriji ya nyumbani, na akaifunga boti kama nyumba. Alichukua waya wa kufungia taa za sebuleni, akauungaunga kwa selotepu, akauchomeka kwenye betri ileile ya kuwashia injini, bila fyuzi, kisha akalisukumia friji kwenye kona ya nyuma, mgongo umebanwa ukutani, ubavu umeegemea tangi la petroli. Likawaka. Watu wakapiga makofi. Siku ya pili ya safari, katikati ya maji, friji likaanza kulia tk, tk, tk na kuzima, waya ukapata joto hadi plastiki yake ikanuka, na jioni injini ikakataa kuwaka kwa kuwa betri imenyonywa yote. Mabaharia walipiga kasia kwa muda wa saa tano. Dawa ikaharibika, na Ma Kokugonza akafika Mwanza anatetemeka, ameshikwa mabega pande mbili, jambo ambalo hajawahi kulisamehe ziwa wala Luhende.

Modesta akaweka siku: Jumamosi ya wiki inayofuata bwana mmoja aitwaye Chenge atakuja kuinunua boti. Luhende aliinama kama mtu anayetafuta shilingi sakafuni. Alimwonea mama mkwe wake huruma, na kwa kweli alijionea aibu, na kati ya hayo mawili hakujua lipi lilimnyima usingizi.

Hapa msikilizaji mgeni na aelezwe jambo. Kwa Wasukuma mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamtazami usoni, hali naye, hamwiti jina, na wakikutana njiani mmoja huona haja ya ghafla ya kwenda kuangalia majani. Kwao Ma Kokugonza heshima ya ukwe ipo kwa namna yake, lakini hii ya Kisukuma aliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ilimpa ruhusa halali ya kutosema na mtu ambaye kwa miaka sita alimwita "yule wa mafriji" tu. Kumwita "mkwe" hakuwahi hata siku moja.

Kwa siku nne Luhende alizunguka kwenye maegesho ya boti akiuliza. Yeye, simba wa kompresa, aliwasalimia shikamoo mafundi wa boti waliokuwa wadogo kuliko yeye, akachekwa, akasikiliza. Akajifunza kwamba umeme wa betri ni mnyonge, volti kumi na mbili tu, na ukimpitisha njia nyembamba na ndefu anafika amechoka, friji linamkataa. Akajifunza kwamba boti hucheza, na kiunganishi cha selotepu hulegea. Akaandika yote kwenye daftari la mtoto wake.

Jumamosi ikapambazuka. Akashuka ufukweni na silaha zake: waya mnene wa nyuzi nyingi uliopakwa bati usiliwe na maji, viunganishi vya kubanwa kwa koleo, betri ya pili ya friji peke yake na sola yake juu ya paa, na fyuzi moja, ndogo kama kucha, ambayo jina lake litadumu. Akalihamishia friji mbele, mbali na petroli. Akalifunga kwa boliti sakafuni na mkanda kifuani, likasimama imara hata mtu akilisukuma kwa bega. Akaacha nafasi ya kiganja nyuma yake lipate kupumua. Akaupitisha waya juu, chini ya ukingo wa boti, maji ya sakafuni yasiufikie, akaubana kila hatua ya mkono, na ndani ya bomba pale unapopita karibu na tangi.

Mabaharia walikuwa wamekwenda sokoni. Betri ilikuwa nyuma, friji mbele, na katikati mita saba za boti. Mtu mmoja hawezi kuwa pote pawili. Ma Kokugonza akakaa nyuma kwenye betri bila kuombwa, akafunga khanga yake kiunoni. Luhende akakaa mbele, akampa mgongo kwa heshima. Ndipo shujaa akapata hila inayostahili kuimbwa.

"Ewe friji," akanena kwa sauti ya unyenyekevu, "mwambie aliyeko nyuma, kwa heshima zote, akaze nati ya chanya. Lakini fyuzi asiiweke mpaka nitakapokwambia."

Ma Kokugonza akalitazama friji. "Friji, mwambie huyo wa mafriji kwamba nati nilianza kukaza yeye akiwa bado anachunga ndama. Na mwulize, kifyuzi hiki kwa nini kakiweka huku shingoni kwa betri, asikiweke huko kwake anakokaa?"

"Friji, mjibu hivi. Balaa likiupata waya mahali popote njiani, fyuzi iliyo hapo mlangoni inaufunga mlango. Ingekuwa huku kwangu, waya wote ungekuwa umeshaungua ndipo nipate taarifa."

"Friji, mwambie nimesikia." Kisha akaongeza: "Mwambie pia kwamba mara ya kwanza hakukuwa na mlango."

Luhende akainamisha kichwa. Friji, kwa hekima yake, halikuongeza neno.

Akazimenya ncha mbili za waya, akaziachanisha, akaweka spana kando, akashika taa yake ya kupimia. Mafundi wa nchi hii umeme wakiuita wanauita moto, na hakuna aliyeona ubaya wa jina hilo hadi siku ile.

"Friji, mwambie aweke fyuzi. Kisha mwulize, moto upo?"

Ma Kokugonza akaweka fyuzi. Na kwa kuwa sauti yake ilikuwa imezoea kutoa amri kutoka boti moja hadi nyingine, akajibu kwa namna iliyosikika kuanzia majiko ya samaki hadi barabarani:

"Moto upo!"

Taa ikang'aa mkononi mwa Luhende, njano safi, isiyofifia. Furaha ikamvuka mipaka, akasimama. "Moto umefika! Moto umefika mpaka mbele!"

Ee wasikilizaji. Ufukwe ule umejaa madumu ya petroli, na kila mtu pale anajua boti ikishika moto inachukua dakika ngapi. Rebeka, mkaanga samaki mwenye mikono ya kubeba gunia, hakungoja kuuliza. "Boti ya Ma Kokugonza inaungua," akasema, akaacha sangara kwenye mafuta na kukamata ndoo. Nyuma yake likaja jeshi: wauza nyanya, waendesha bodaboda, mzee mmoja na kopo la mchanga. Na katikati yao, akiwa na shati jeupe la kuja kununulia boti, bwana Chenge, ambaye alifika saa ileile na akakanyagwa mara mbili.

Ndoo ya kwanza ilimpata Luhende kifuani. Ya pili ilipiga paa. Alitandaza mikono mbele ya friji akanena, "Enyi watu wema, huu ni moto wa waya, si moto wa moto," maneno ambayo hayajawahi kumtuliza mtu yeyote mwenye ndoo. Rebeka akaruka ndani ya boti. Sitaki Maneno ikalala upande. Spana ikateleza kwenye ubao, ikalala juu ya ncha zote mbili zilizomenywa, chanya na hasi, kama daraja.

Cheche. Kisha mlio mdogo, pa. Kisha taa ikazimika, na watu wote wakasimama na ndoo zao.

Luhende akaiondoa spana haraka. Alifikiri, nimeua boti mara ya pili. Alifikiri juu ya waya unaopita kwenye bomba lile karibu na tangi, na juu ya yule mama aliyekaa hatua moja kutoka hapo. Akasahau mila, akasahau majani yote ya njiani, akageuka akamtazama mama mkwe wake usoni.

"Mama," akasema, "shika waya hapo ulipo. Una joto?"

Ma Kokugonza alikuwa na haki ya kukataa. Mkono wake uliwahi kuusogelea waya wa fundi huyu ukanuka plastiki. Akanyoosha vidole, akaushika waya pale unapoingia kwenye bomba, akasogea hadi tangi, akaushika tena upande wa pili. Akauachia polepole.

"Wa baridi," akasema.

Akafunua kibweta cha fyuzi. Ndani, kile kijiuzi chake kimekatika katikati na kioo kimeingia weusi. Fyuzi imekufa yenyewe, yote mengine yakapona: waya, betri, petroli, Rebeka na ndoo yake. Wangapi kati yetu watazikwa na sifa kama hiyo?

Luhende akafuta maji, akakausha, akabana viunganishi kwa koleo, akavifunika, akalifunga friji kwa utaratibu wa daftari. Ma Kokugonza akaweka fyuzi mpya kwa mkono wake. Friji likatoa sauti, si tk, bali mngurumo mdogo wa mfululizo, nao ukaendelea. Jeshi likakataa kuondoka. Rebeka alikwenda kuopoa sangara waliokuwa wamegeuka makaa, akarudi. Injini ikawashwa, ikawaka mara ya kwanza. Boti ikazungushwa ziwani, ikarushwa kwenye mawimbi, friji halikusogea hata unywele. Saa tisa na robo alasiri kipimajoto kikasomwa mbele ya mashahidi: nyuzi nne.

Ma Kokugonza akatoa kwenye mkoba kikopo chake cha dawa. Akakiweka kwenye rafu ya katikati, akafunga mlango, akaufungua tena kuhakikisha kwamba kipo, akaufunga. Macho yake yalikuwa na maji, na hayakuwa ya ndoo. Kisha akasimama, akahutubia ufukwe.

"Bwana Chenge, pole kwa shati. Boti haiuzwi. Jumatatu naenda visiwani, na wiki inayofuata, na mwaka kesho. Modesta mwanangu mwambieni sebule yake ni nzuri, nitakuja kuitembelea. Na ninyi nyote mliokuja na maji, Mungu awalipe, lakini shukeni taratibu msimkanyagie nyaya." Neno lililobaki lilikuwa limekaa miaka sita bila kutumika. "Huyo ni mkwe wangu."

Hapakupigwa ngoma, kwa kuwa hapakuwa na ngoma. Rebeka alipiga ndoo. Luhende, aliyelowa hadi soksi, alirudisha mgongo wake mahali pa heshima haraka, asije mtu akaona uso wake. Iandikwe basi, na watoto wa watoto wasomewe, kwamba Jumamosi ile, kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria, binadamu aliingiza baridi katika boti bila kuichoma boti, na kwamba mama mkwe alimwuliza mkwe wake, waziwazi, bila kupitia kwa friji, "Umekula?" Naye akajibu, "Bado, mama." Akaletewa samaki na ugali, akala peke yake mbele ya boti, amegeukia maji, na hakuacha hata mwiba.