Tairi ya Nyuma, Upande wa Kushoto

Jumatatu saa nne asubuhi, Kingi alikuwa amesimama Makadara akila viazi karai alivyonunuliwa na mtu mwingine, alipoiona pikapu ya Bi Truphosa ikiegeshwa kando ya duka la saruji. Mtu wa kawaida angeona pikapu nyeupe iliyojaa vumbi jekundu hadi madirishani. Kingi aliangalia chini.

Tairi zote nne zilikuwa za kubandikwa, zile ambazo zikishaisha hupelekwa kiwandani zikavalishwa mpira mpya wenye meno makubwa ya kukamata matope. Ni tairi za halali, na zikibandikwa vizuri hupanda milima. Kingi alilijua hilo. Lakini alijua pia kwamba Jumamosi inakuja.

Babake Dama, mpenzi wa Kingi, kule Kaloleni, alikuwa ametoa neno la mwisho: posa iletwe Jumamosi, pamoja na bahasha yenye kitu ndani, la sivyo Dama ataolewa na fundi wa umeme wa Mariakani, ambaye suti alishanunua. Kingi alikuwa ameahirisha mara mbili. Mara ya kwanza alisingizia mvua. Mara ya pili alisingizia mvua tena, na ilikuwa Februari.

Basi akajipangusa vidole kwa gazeti la mwenye viazi, akasogea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Bi Truphosa alikuwa mtu wa Kakamega, mwaka wa kumi na tano huu Mombasa, akibeba saruji na mawe kupeleka kwa wajenzi huko ndani kupita Mazeras, ambako lami imekata tamaa. Alikuwa msikilizaji mrefu na msemaji mfupi. Kingi, kama walivyo wasemaji wote, alidhani huo ni ujinga.

Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye tairi kama daktari.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Mungu awatunze," akasema, akasimama taratibu, akavua kofia.

Hapo akamweleza kwamba ngozi ya tairi imeanza kuachana na mwili, na kwamba jiwe moja tu la Mazeras litaivua kama soksi. Bi Truphosa alikuwa na udhaifu mmoja, alipenda vya rahisi. Aliposikia kwamba Kingi ana tairi nne mpya kabisa, zilizotoka bandarini kwa mlango ambao haukutajwa, kwa nusu ya bei ya duka, akaacha kuangalia saruji yake. Na hizi mbovu je? Hizi, Kingi alisema kwa huzuni, atamtupia mwenyewe, bure, maana haziachwi ovyo, zinaweza kumuua mtu.

Pikapu ikabaki juu ya mawe nyuma ya duka la saruji. Tairi nne zikapanda mkokoteni hadi Bondeni, kwa Tsofa wa pancha.

Sasa msomaji ashakisia tairi mpya zilitoka wapi, nami sina haja ya kumzungusha: ni zile zile za mkokoteni. Tsofa alipasha kisu moto akachonga mifereji ikaingia ndani zaidi, meno yakasimama kama ya mtoto. Wakaziosha kwa sabuni, wakazipaka rangi ya viatu. Na kwa kuwa tairi mpya huja na vinywele vidogo vya mpira, waungwana hawa wawili walikaa siku mbili wakikata tyubu kuukuu na kubandika kinywele kimoja kimoja kwa gundi, kama wanaompachika bibi harusi kope.

Kwenye tairi moja kisu kilizama hadi nyuzi zikatokeza.

"Hii itapasuka," Tsofa alisema.

"Itapasuka Mazeras," akajibu Kingi. "Mimi na wewe tutakuwa Bondeni."

Wakaziziba nyuzi kwa gundi na masizi, na Alhamisi Tsofa akaifunga tairi hiyo nyuma, upande wa kushoto.

Kabla hazijafungwa, Bi Truphosa alizipapasa zote kwa vidole, nje na ndani, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kingi alidhani anazipenda.

"Kijana," akauliza, "wewe mwenyewe unaweza kupandia tairi hizi?"

"Mama yangu, nikalishe nyuma, juu ya hii ya kushoto, unipeleke mpaka Kaloleni kwa wakwe zangu. Jumamosi hii naposa."

Bi Truphosa akampa hongera. Akauliza nani anayempelekea posa, na Kingi, aliyekuwa hasemi kweli ila akiwa na furaha, akasema ni mjombake, Mzee Charo wa Kisauni, yule wa karibu na kisima, hakuna asiyemjua. Bi Truphosa akalipa, akawasha gari, akaenda zake.

Jumamosi Kingi alitoka chumbani kwake Mji wa Kale amevaa shati jipya, bahasha kifuani. Mjomba Charo ndiye aliyetafuta gari, na alikuwa akijisifu njia nzima ya kichochoro kwamba amepata mama mmoja mwema, ametaka pesa ya mafuta tu. Walipotokea barabarani, Kingi akaiona pikapu nyeupe.

Aliangalia tairi. Rangi ya viatu ile ile. Vinywele vile vile.

"Mjomba, tutafute gari lingine."

"Kwa nini?"

Kingi akasema ana kizunguzungu. Mjomba akamwambia afadhali hicho kuliko mvua.

Mjomba na mkewe wakakaa mbele. Nyuma wakapandishwa mbuzi, sukari, leso na mtungi wa plastiki wa mnazi uliogemwa alfajiri.

"Na wewe kushoto," alisema Bi Truphosa, "kama ulivyoomba."

Walipita kwanza Makadara, akaongeza mifuko sita ya saruji ya mteja wake. Yote akaipanga kushoto. Kutoka hapo Kingi hakukaa tena. Alichuchumaa, akanyanyua makalio kila penye tuta, akajaribu hata kutopumua ili apunguze uzito. Mwembe Tayari aligonga kioo akaomba waende polepole. Bi Truphosa akamjibu kwamba mtu mwenye tairi mpya hana sababu ya kwenda polepole, akakanyaga mafuta. Mbuzi alimtazama Kingi kwa macho ya mwenzake wa safari moja.

Mnazi, kama wajuavyo wanywaji, hautulii. Ukitikiswa juani huchacha, na ukifungwa hutafuta njia. Walipofika Saba Saba kifuniko cha mtungi kiliruka kwa kishindo, pale pale chini ya Kingi.

"Imepasuka!" Kingi alipiga ukelele, akamkumbatia mbuzi. "Nyuzi! Tsofa aliniambia, nyuzi zinaonekana!"

Gari likasimama. Mjomba Charo akatoa kichwa dirishani.

"Nyuzi zipi, mpwa wangu?"

Na Kingi, amelowa mnazi, mbuzi kifuani, akasema yote, kuanzia viazi karai.

Bi Truphosa akashuka. Akasema tairi hizi ni za shemeji yake, mpya za dukani. Hiyo rangi ya viatu amepaka yeye, jana kutwa, ili Kingi asijisikie mgeni. Zile za Kingi amewaachia vijana wazishushe mlangoni kwa Kingi mwenyewe, mara tu gari lilipoondoka. Kila anayepeleka tairi kubandikwa huzitia alama zisibadilishwe, na yeye alizichoma msalaba kwa msumari wa moto, ndani, mahali ambapo wenye haraka hawapapasi.

Kisha akanyoosha mkono. Mjomba ndiye aliyeitoa bahasha kifuani mwa Kingi, akarudisha pesa ya tairi za uongo, akaongeza fidia ya tairi nzuri zilizochongwa. Ikabaki karatasi ya bahasha.

"Sasa shuka," alisema mjomba. "Posa hupelekwa na wazee. Mbuzi yupo, na mnazi umebaki nusu."

Kingi alirudi kwa miguu, akizungukazunguka, akafika kwake alasiri. Tairi nne zilikuwa zimejaa kichochoro kizima, majirani wakipita kwa ubavu na kumtaja kwa majina ambayo mamake hakumpa. Mtu mmoja alikuwa amechutama, anapapasa vinywele.

"Mpya hizi, ndugu? Unauza?"

Kingi akafungua kinywa. Simu ikalia.

Ni mjomba. Wamekubali. Bi Truphosa alisimulia mwenyewe, na babake Dama alicheka hadi akashika ukuta. Ila kwa kuwa bahasha ilikuwa tupu, ametoa sharti: naye ana pikapu, anataka tairi nne za dukani, zenye risiti, kabla ya mwisho wa mwezi. Bi Truphosa atazipapasa. Kisha bwana harusi atakaa nyuma, kushoto, wampandishe hadi Kaloleni.

"Usipoleta," mjomba alimalizia, "fundi wa umeme bado anayo ile suti."

Yule mtu alikuwa hajaondoka. "Bei gani, basi?"

"Si za kuuza," Kingi akasema. Kisha akachutama kando yake, akamwuliza kwa upole kama analijua duka la tairi, duka la kweli, na kama hapo huwa wanakubali mtu alipe kidogo kidogo.